Jukwaa Ukutani, Waigizaji Nje

Miongoni mwa hoteli za Mji Mkongwe wa Unguja imo moja ndogo iitwayo Emerson Spice. Ilianzishwa ndani ya jumba kongwe na Mmarekani mmoja, Emerson Skeens, aliyehamia Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufariki mwaka wa 2014. Bwana huyu alikuwa mpenzi wa maonyesho kwa dhati, na jina lake limo pia miongoni mwa walioasisi Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar katika miaka ya 1990. Alipoipamba hoteli yake hakuridhika kuvipa vyumba nambari. Alivipa majina ya wahusika wa kike wa opera na tamthilia, na kila chumba akakipamba kivyake kana kwamba ni mandhari ya jukwaani. Kuna chumba cha Violetta. Kuna chumba cha Desdemona. Mgeni anayekabidhiwa ufunguo hujiona kama mwigizaji aliyeonyeshwa mahali pa kusimama kabla pazia halijafunguliwa.

Wasomaji wa jarida hili watatambua mara moja jambo ambalo yamkini mgeni wa kawaida halifikirii. Violetta ni mhusika mkuu wa La Traviata, opera ya Mtaliano Giuseppe Verdi iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Venice mwaka wa 1853, naye hufa kwa kifua kikuu katika tendo la mwisho. Desdemona ni mke wa Othello katika tamthilia ya Shakespeare, na sote tunajua mauti yake: aliuawa na mumewe, tena kitandani. Kukipa chumba cha kulala jina la mwanamke aliyeuawa kitandani ni mzaha mzito. Sidhani kwamba mwasisi wa hoteli ile hakujua. Nadhani alijua fika, akacheka kimoyomoyo. Wasiwasi wangu ni kuhusu wale wanaokuja nyuma yake kuiga, wanaochukua jina na pazia na kukiacha kisa mlangoni.

Wasiwasi huo si wa kinadharia. Mwaka uliopita mzee mmoja wa Kericho, rafiki wa baba yangu, ambaye amewahi kutembea Unguja na kupendezwa na alichokiona, aliniita nyumbani kwake akiwa na ombi. Ana nyumba ya ghorofa moja pembezoni mwa mji na anakusudia kuigeuza hoteli ndogo ya kifahari yenye vyumba tisa, kila kimoja kikipambwa kwa mtindo wa maigizo. "Binti yangu," aliniambia, "wewe ndiwe uliyesomea mambo ya tamthilia. Nitafutie majina tisa." Kumbe tayari alikuwa ameandika manne kwenye karatasi: Romeo, Juliet, Hamlet na Cleopatra. Nilimwuliza kwa adabu kama hakufikiria jina lolote kutoka tamthilia za Kiswahili. Mzee alinyamaza kidogo, akanitazama kwa huruma, kisha akasema, "Hizo ni za mitihani, binti yangu. Nani atakubali kulipa pesa alale ndani ya mtihani?"

Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wengi wetu tungelikimbilia kumshutumu mzee kwa kasumba ya kikoloni, na shutuma hiyo ingekuwa rahisi mno. Mzee alikuwa anaeleza hali ilivyo. Kwa Mkenya wa kawaida aliyepitia shule ya upili, tamthilia ya Kiswahili ni kitabu chembamba kilichotahiniwa. Kizazi kimoja kilikuwa na Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, kingine Mstahiki Meya cha Timothy Arege, kingine Kigogo cha Pauline Kea, na baadaye Bembea ya Maisha, pia cha Arege. Mwanafunzi hukariri maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha. Hufundishwa kulieleza dondoo kwa kutaja msemaji, msemewa na mahali. Kisha karatasi ikikusanywa kitabu hupewa mdogo wake au muuza vitabu vikuukuu. Akibahatika huwa ameona kikundi cha waigizaji wanaozunguka shuleni wakiigiza kitabu teule katika bwalo la chakula, huku meza zikisukumwa ukutani na harufu ya maharagwe ikiwa hewani. Vikundi hivyo vinafanya kazi ya maana, na siku moja mtu atastahili kuandika tasnifu juu yao. Hata hivyo, wao wenyewe hukiri kwamba huikata tamthilia kufuatana na maswali yanayotarajiwa. Mtihani umeingia hata jukwaani.

Kwa hivyo, Romeo na Juliet wanalala hotelini, na Tunu wa Sagamoyo anabaki darasani. Hapa ndipo penye hoja yangu. Mapambo ya kimaigizo katika hoteli ni kauli. Yanamwambia mgeni, na hasa yanamwambia mwenyeji anayefagia chumba hicho kila asubuhi, ni maigizo yapi yanayohesabiwa kuwa sanaa na yapi ni kazi ya shule. Kijana wa Kericho atakayetandika kitanda katika chumba cha Hamlet kwa miaka mitano atakuwa amefundishwa jambo kuhusu tamthilia ambalo hakuna mhadhiri wetu atakayeweza kulifuta kwa saa moja ya somo.

Uhusiano wa hoteli na maigizo nchini Kenya una historia ndefu, na haukuanzia kwa mzee wetu. Jijini Nairobi, Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa siku ya Krismasi mwaka wa 1904, inatazamana na Jumba la Maonyesho la Taifa. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka wa 1952, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa. Baraza ya hoteli ile imebeba jina la Lord Delamere, mlowezi mashuhuri. Kwa miaka mingi walioigiza na waliotazama katika jumba la ng'ambo walikuwa zaidi Wazungu, na michezo iliyopendwa ilikuwa ya London. Mnamo Oktoba 1976 mambo yaligeuka kwa siku chache. Mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu Dedan Kimathi, uliokuwa umeteuliwa pamoja na Betrayal in the City wa Francis Imbuga kuiwakilisha Kenya katika tamasha la sanaa za Waafrika lililofanyika Lagos mwaka wa 1977, ulipata nafasi finyu ya kuonyeshwa katika jumba hilo. Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025, alisimulia baadaye jinsi watazamaji walivyojiunga na waigizaji katika wimbo na ngoma ya mwisho wakatoka nao nje hadi barabarani, mbele ya hoteli ile ya walowezi. Wenye mamlaka hawakufurahia.

Yaliyofuata tunayafahamu. Mwishoni mwa 1977 leseni ya mchezo wa Kamĩrĩĩthũ ilifutwa na Ngũgĩ akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, na mwaka wa 1982 ukumbi ambao wanakijiji walikuwa wameujenga kwa mikono yao ukabomolewa na polisi. Mtu asidhani hayo ni ya enzi zilizopita. Aprili 2025 mjini Nakuru, mwendo wa saa mbili tu kutoka Kericho, wasichana wa Shule ya Butere walifika kuigiza Echoes of War katika tamasha la kitaifa la maigizo ya shule, wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza, huku nje ya ukumbi vitoa machozi vikirushwa.

Nikiyaweka matukio haya kando ya chumba chenye mapazia mekundu na sura ya Hamlet ukutani, naona kwa nini maigizo ya ukutani yanapendwa. Hayasemi. Hayahitaji leseni wala hayamkeri afisa yeyote, na hayatoki nje yakicheza ngoma barabarani. Ni maigizo yaliyokwisha kunyamazishwa na kutundikwa. Hamlet mwenyewe, katika tamthilia yake, aliwatumia waigizaji waliofika ikuluni ili mchezo wao uifichue hatia ya mfalme. Ukutani mwa hoteli anabaki kijana mwenye fuvu mkononi.

Sasa nirejee Kericho, maana kila mji una maigizo yake yaliyonyamazishwa. Wageni wanaokuja kwetu huja kutazama chai. Zulia lile la kijani linalopanda na kushuka vilima ni zuri, sikatai, nami nikiwa mbali hulikumbuka. Kampuni ya Brooke Bond iliingia Kericho katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1950 ikajenga Tea Hotel, hoteli yenye bustani pana na madirisha yanayotazama mashamba. Hapo walipumzika mameneja na wageni wao. Hoteli ile nayo ilikuwa na mandhari ya jukwaani kwa maana yake: nyasi zilizokatwa sawasawa, wahudumu waliovaa nadhifu, na kwa mbali wachumaji wenye vikapu mgongoni, wadogo kama waliochorwa. Mtazamaji aliketi barazani na kikombe mkononi. Waigizaji walikuwa shambani, na hawakuwa na sehemu yoyote ya kusema.

Tamthilia ya Kiswahili imewapa watu hao maneno. Mwaka wa 1981 Alamin Mazrui alichapisha Kilio cha Haki, mchezo kuhusu wafanyakazi wa shamba la mlowezi aitwaye Delamon, jina ambalo msomaji aliyepita karibu na baraza ya Norfolk hahitaji kufasiriwa. Anayewaongoza wafanyakazi katika kudai haki ni mwanamke, Lanina, anayepigana na mwajiri kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine anapigana na wanaume wasioamini kwamba mwanamke anaweza kuongoza mgomo. Mwaka uliofuata mwandishi alitiwa kizuizini. Nimeusoma mchezo huu mara nyingi, na kila ninapousoma huwa naona mteremko fulani wa mashamba njia ya kwenda Kapsoit. Mazrui ni mtu wa Mombasa na hakuwa akiiandikia Kericho, lakini sijapata kuona tamthilia inayotufaa zaidi. Wachumaji wa chai wengi ni wanawake. Mateso waliyopata baadhi yao mikononi mwa wasimamizi, ambao walidai miili yao kabla ya kuwapa kazi, yalifichuliwa na uchunguzi wa BBC mwezi wa Februari 2023. Miezi mitatu baadaye mashine za kuchuma chai zilitiwa moto na waandamanaji waliohofia kazi zao. Anayeuliza kama Lanina amepitwa na wakati hajasoma magazeti.

Basi jina la kwanza nililompelekea mzee lilikuwa Lanina. Nilimweleza kisa. Alisikiliza hadi mwisho, maana ni mtu msikivu, kisha akasema polepole: "Mwanamke huyo ni jasiri, nimempenda. Lakini, binti yangu, baadhi ya wageni wangu watatoka kwenye makampuni ya chai. Nimwambie nani kwamba chumba chake ni cha mgomo?" Sikuwa na jibu la haraka. Biashara ni biashara, na mkopo wa benki haulipwi kwa uhakiki wa Kimaksi. Ila niliona kwamba tumekwisha kupiga hatua moja kubwa. Jina la Hamlet halikumtia hofu yoyote; jina la Lanina lilimtia hofu mara moja. Tamthilia inayoweza kumtisha mwenye hoteli kabla hata haijaigizwa bado ina uhai.

Niliendelea na orodha. Nilipendekeza Tunu wa Kigogo, aliyevunjwa mguu na wahuni wa mtawala na bado akasimama, na nikapendekeza chumba cha karibu naye kiwe cha Sudi, yule mchonga vinyago aliyekataa kuchonga sanamu ya kumtukuza mkubwa. Chumba cha Sudi kingepambwa kwa kazi za wachongaji wetu wenyewe, nao wangelipwa. Nilipendekeza Mwavita wa Mama Ee, tamthilia ya Ari Katini Mwachofi ya mwaka wa 1987. Mzee alipotaka angalau jina moja la Kizungu ili wageni wajue ni mambo ya maigizo, nilimpa Portia, kwa kuwa huyo alikwisha kuwa wetu tangu Mwalimu Julius Nyerere alipoifasiri tamthilia yake kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969. Isitoshe, Portia hujigeuza mwanasheria, haki anaipata mahakamani, na mwisho wa mchezo yu hai. Mzee alilipenda hilo la mwisho kuliko yote.

Hapa najua baadhi ya wahadhiri wangu watainua mkono. Watasema kwamba ikiwa suala ni uasilia, basi Kiswahili chenyewe ni mgeni Kericho kama Verdi alivyo mgeni Unguja. Kwa nini chumba kisipewe jina la Kikipsigis? Pingamizi hilo lina uzito, nami ni Mkipsigis, sitalikwepa. Nitalijibu kwa kisa kimoja.

Mwaka wa 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi yetu, akawarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba kwa kufuatana na chepkong, zeze letu. Walimwimba kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu swala. Chemirocha alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933, ambaye sauti yake ilifika vilima vyetu ndani ya sahani za gramafoni. Watu wa Kapkatet waliisikia sauti isiyo na mwili. Hawakutundika picha ya Mmarekani yule ukutani. Walimpa jina la Kikipsigis, wakampa kwato, wakamtungia wimbo na kumwalika aje acheze. Mwaka wa 2014 rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet, zikasikilizwa tena na wazee wa pale.

Mimi huona katika kisa hiki nadharia nzima ya ukopaji wa kisanaa, tena bora kuliko nyingi tunazozinukuu katika sura ya pili ya tasnifu zetu. Kukopa hakuna aibu. Kuna mkopaji anayepokea kitu akakiweka kabatini kisichafuke, na kuna anayekipokea akakifanyia kazi mpaka mwenyewe wa asili asingekitambua. Kwa hivyo jina la sita nililompa mzee lilikuwa Chemirocha, naye alicheka mpaka akatokwa na machozi, kwa sababu marehemu mama yake aliujua wimbo huo.

Kuhusu Kiswahili, jibu ni la kihistoria. Mashamba ya chai yaliwaleta pamoja Wakipsigis, Wakisii, Waluo, Waluhya na wengineo, na lugha waliyozungumza kwenye mizani ya kupimia majani, kwenye foleni ya maji na kwenye mikutano ya chama cha wafanyakazi ilikuwa Kiswahili, hata kama si kile cha kamusi. Ujirani huo haukuwa mtakatifu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wafanyakazi wengi wa jamii nyingine walishambuliwa katika makazi yao mashambani na kufurushwa, na wengine waliuawa. Wapo kati yetu wanaosoma makala haya ambao wazazi wao walikimbia. Mchezo unaoigizwa Kericho kwa Kiswahili unaweza kutazamwa na aliyebaki na aliyekimbia wakiwa wameketi safu moja. Mchezo wa Kikipsigis hauwezi kufanya hivyo, na wa Kiingereza hautafanya. Sisemi Kikipsigis kisipate jukwaa lake. Historia ya Watalai waliohamishwa kwa nguvu kutoka Kericho hadi Gwassi mwaka wa 1934 inangoja mtunzi wake, na sijali ataiandika kwa lugha ipi kati ya hizo mbili, mradi aiandike.

Majina, hata hivyo, ni rangi tu mlangoni. Katika kikao chetu cha tatu nilimwambia mzee kwamba hoteli yenye mapambo ya maigizo na isiyo na maigizo ni sawa na mkahawa unaotundika picha za vyakula ukawauzia watu maji. Nyuma ya nyumba yake kuna uwanja mdogo uliozungukwa na kuta pande tatu. Waigizaji wawili watatu, taa nne na viti themanini vinatosha pale. Wataalamu wetu wa sanaa za maonyesho, akiwemo Penina Muhando ambaye pia anafahamika kama Penina Mlama, walikwisha kutueleza tangu miaka ya 1970 na 1980 kwamba maonyesho ya Kiafrika hayakungoja jumba lenye pazia: yalifanyika uwanjani, watazamaji wakizunguka na kuingilia kati. Uwanja wa mzee uko karibu zaidi na utamaduni huo kuliko vyumba vyake tisa vya juu.

Nilimshauri aanze na usiku mmoja kwa mwezi. Onyesho fupi, la dakika arubaini, liigizwe kabla ya chakula, na kiingilio kiwe cha chini kwa wakaazi wa mji ili watazamaji wasiwe wageni wa vyumbani peke yao. Mwandishi au mchapishaji aombwe idhini na alipwe haki yake. Waigizaji nao walipwe, si chini ya anavyolipwa mpiga muziki wa Jumamosi. Mzee aliyakubali mengi, akataka muda wa kulifikiria hilo la malipo. Kuhusu Lanina tulifikia mwafaka ambao hata mimi sikuutarajia: hatapewa chumba, ila mchezo wake ndio utakaofungua uwanja. Mzee alisema mgeni wa kampuni akiuona jukwaani atapiga makofi pamoja na wengine, lakini akiuona mlangoni mwa chumba chake ataomba kuhamishwa. Mzee huyu hajasoma hata kitabu kimoja cha nadharia ya drama.

Ugumu ulianza aliponiuliza ni nani watakaoigiza. Ni hapa, wanachama wenzangu, ndipo ninapoliona tatizo letu. Katika idara nyingi za Kiswahili ninazozifahamu, mwanafunzi anaweza kuandika tasnifu ya uzamili kuhusu usawiri wa wahusika katika tamthilia tano bila kuwa ameitazama hata moja ikiigizwa, na hakuna mtahini atakayemwuliza. Tunahakiki maleba ambayo hatujayaona yamevaliwa. Tunaandika kurasa kuhusu ukimya wa mhusika pasipo kusikia ukimya huo ukikaa ukumbini. Vikundi vyetu vya maigizo hufufuka wiki mbili kabla ya kongamano la mwaka, hutoa ngonjera na mchezo wa kuchekesha, kisha hulala tena. Halafu tunalalamika kwamba wenye hoteli hawaijui fasihi yetu.

Napendekeza jambo ambalo liko ndani ya uwezo wetu, bila kungoja wizara. Kila mwanafunzi anayesajili tasnifu ya tamthilia atakiwe kuandaa au kushiriki onyesho moja la tamthilia anayoihakiki, hata kama ni usomaji wa sauti mbele ya watu ishirini, na sura ya uchambuzi ieleze kilichotokea mbele ya watu hao: walicheka wapi, walikohoa wapi, nani aliondoka. Onyesho hilo lifanyike nje ya lango la chuo. Kericho kuna Chuo Kikuu cha Kabianga, kuna kumbi za makanisa, kuna kumbi za starehe katika vijiji vya wachumaji chai, na sasa kuna uwanja mmoja wenye kuta tatu. Bomet na Litein hazikosi pao. Wahadhiri watasema mtaala haujatoa nafasi. Mtaala hukaguliwa kila baada ya miaka michache, na wanaoukagua ni wao wenyewe.

Mzee ameahidi kuutengeneza uwanja kabla ya msimu wa mvua ndefu. Anahitaji waigizaji sita, wanawake wanne na wanaume wawili, wanaoweza kufika Kericho kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mtu mmoja anayejua kufunga taa. Anayetaka amwone katibu wa chama.